Karibu ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miaka mitatu, mwezi mmoja na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Nimehesabu nikiwa nimelala chali kitanda cha juu, dari imenikaribia puani.

Daftari hili nimelipata ofisini, ni la kuandikia mizigo. Kurasa nne zilikuwa zimetumika, nimezichana. Shule niliishia darasa la sita, lakini kuandika naweza. Na yapo mambo ambayo nikiyasema humu chumbani nitachekwa mpaka mwaka uishe.

Kazi ni ileile, ghala la baridi. Vyumba vinne, maboksi ya kuku na samaki mpaka juu. Tunapakia, tunapakua, kope zinaganda. Nje ya kila mlango kuna ubao wenye misumari, na kila msumari una namba. Wangu ni tisa. Ukiingia unavaa koti lako, ukitoka unalirudisha. Koti likiwa msumarini, mtu yuko nje. Msumari ukiwa mtupu, mtu yuko ndani. Anayefunga mlango anatazama ubao kwanza, kisha anapaza sauti, 'Hodi!' Aliye ndani anajibu, 'Nipo!' Ukisikia nipo, hufungi.

Sheria hii kaiweka Mzee Koti, mkubwa wetu wa zamu. Aliwahi kufungiwa chumba namba tatu dakika arobaini, akatoka bila ncha za vidole viwili. Humu ghalani lugha ni zaidi ya kumi, lakini hodi na nipo wamejifunza wote, hata wale ambao hawajui neno jingine la kwetu isipokuwa matusi.

Mke wangu amepiga mchana. Anasema ukurasa wetu umelala, watu wanataka mchezo mpya.

Ukurasa ni wa michezo ya kuthubutishana. Mimi nathubutishwa huku, yeye kule, shemeji yangu — mdogo wake — anarekodi na kuunganisha. Tunaitwa Moto na Barafu. Yeye ndiye Moto. Ametafuna ndimu tano bila kukunja uso. Mimi nimembusu samaki wa barafu mdomoni, akanishika! Mzee Koti alinibandua kwa maji ya chai. Ile klipu ilitazamwa sana. Watu wakaandika, huyu bwana ana njaa ya mke.

Si uongo.


Jumatano, 5 Machi

Leo tumecheza mchezo mpya. Unaitwa Karibu Saba. Wameuanzisha wale wawili mashuhuri, fundi rangi na mkewe, sasa wapenzi wote mtandaoni wanaucheza.

Uko hivi. Mke anakaa kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, mlango wazi. Mume anasimama kizingitini nyuma yake. Anasema, 'Hodi.' Mke anajibu, 'Karibu.' Kila karibu moja, mume anasogea hatua moja. Mke haruhusiwi kugeuka wala kuuliza nani. Hatua saba. Ya saba mume anamgusa bega, mke anasema, 'Umefika,' mchezo umefungwa. Akigeuka kabla, ameshindwa.

Unaonekana wa kitoto. Lakini ukitazama nyuso za hao wanawake kwenye karibu ya tano, ya sita! Anajua ni mumewe, na bado shingo inasimama vinyweleo.

Sisi tuko mbali, basi shemeji kabuni. Simu yenye sauti yangu imewekwa juu ya kigoda kingine mlangoni, na kila mke wangu akisema karibu, shemeji anakisogeza hatua moja. Mimi nilikuwa kwenye ngazi za nyuma ya mitambo, mapumziko ya mchana.

'Hodi.'

'Karibu!' Anacheka.

'Hodi.'

'Karibu, Barafu wangu, mbona unatambaa kama kobe?'

'Hodi.'

'Karibu.' Hii ya tatu hakucheka.

Mtandao ukakatika. Nilipiga tena na tena, haukurudi. Filimbi ikalia, nikarudi kazini. Nimewaza baadaye: hatukusema umefika. Nimebaki hatua ya tatu, katikati ya sebule yangu mwenyewe.


Ijumaa, 7 Machi

Tumerudia, tuanze upya kutoka mlangoni. Sijui nianzie wapi kuandika.

Nilikuwa kwenye ngazi zilezile. Mke kakaa tayari, shemeji tayari. Mara namwona msimamizi anapanda. Simu hairuhusiwi. Nikaizima maiki, nikaitia ndani ya koti, nikajifanya nafunga kamba za buti. Msimamizi akapita. Nikaitoa simu niombe radhi, nikasikia mke wangu anasema, 'Karibu.'

Sikuwa nimesema hodi.

Nikawasha maiki. Nikamwambia, we, umemkaribisha nani? Akasema, si umepiga hodi? Nikasema sijapiga. Shemeji akacheka, akasema shemeji acha utani, umepiga tena kwa sauti ya kutongoza.

Jioni klipu imewekwa. Nimeisikiliza mara nyingi mpaka bando limeisha. Mke wangu amekaa, mikono magotini. Nyuma yake mlango, kigoda chenye simu, na ukutani msumari wenye koti langu la mvua la zamani. Nililiacha siku naondoka, hajalitoa. Kisha, wazi kabisa:

'Hodi.'

Ni mimi. Simsingizii mtu, sauti yangu naijua. Ila haina mkwaruzo. Mimi baridi imeniharibu koo tangu mwaka wa kwanza, nikiongea kama natafuna kokoto. Ile ni safi. Ndiyo sauti niliyokuja nayo.

Na haitoki mlangoni kilipo kigoda. Inatoka karibu zaidi. Kama mtu aliyeachwa hatua ya tatu, akasubiri siku mbili, akaendelea.


Jumamosi, 8 Machi

Komenti zimefurika. 'Mmewezaje hiyo sauti?' 'Barafu yuko chini ya meza.' 'Moto usigeuke dada!'

Jamaa wa kitanda cha chini kaisikiliza bila kujua habari. Kasema, hii ya zamani, eh? Hii kabla hujaharibika.


Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia mke wangu hatuchezi tena. Kakubali. Mchana huu kakaa palepale kuwatangazia watazamaji kuwa Karibu Saba imekwisha, tutaleta mchezo mwingine. Simu yake alikuwa nayo mkononi. Mimi nilikuwa chumba namba mbili napanga samaki. Hakuna simu iliyopigwa. Hakuna!

Katikati ya maneno yake: 'Hodi.'

Naye, bila kusita, kama mtu anayepiga chafya: 'Karibu.'

Shemeji anasikika nyuma ya kamera anasema, dada, dada. Mke wangu ametulia. Hageuki. Polepole anatabasamu.

Ya tano.

Nilipiga. Niliwaka. Nikamwuliza kwa nini anajibu.

'Hodi inajibiwaje? Mdomo umetangulia.'

'Uliza nani!'

'Niulize nani, nami namjua?'

Shemeji kadakia kutoka pembeni, kasema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu wetu hata mikono hatujaiona. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nikamwambia mke wangu ondoka hapo sebuleni, kafungeni mlango, futeni ukurasa. Akasema neno ambalo limekaa nami mpaka sasa:

'Huyu angalau anasogea.'

Nikasema unasemaje?

'Kila siku chache hatua moja. Wewe miaka mitatu unaniambia mwezi ujao.'


Jumatano, 12 Machi

Sikulala vizuri. Niandike la kweli, maana daftari halina mdomo.

Mwaka jana mwezi wa nane mkataba wangu uliisha. Msimamizi akaniita ofisini, akauliza, unarudi au unabaki? Alikuwa anakula biskuti, hakuwa na haraka. Tiketi ya kurudi ipo kwenye mkataba. Ningesema narudi, ningekuwa nyumbani wiki ile. Nikasema nabaki. Hakunilazimisha mtu.

Nyumbani nikasema kampuni imenikatalia. Mke wangu alilia. Mama alisema Mungu yupo. Nami nikaegemea ukuta wa mitambo nikiwasikiliza, nikasikia nafuu.

Kwa nini? Nimejiuliza. Niliondoka nikitamba nitarudi mtu mwingine. Nikaogopa kurudi nikiwa yuleyule aliyeondoka, tena na koo bovu. Nikasema ngoja kidogo. Ngoja kidogo imezaa.

Sasa yuleyule aliyeondoka anarudi bila mimi.


Alhamisi, 13 Machi



Saa tisa alasiri tumemaliza chumba namba tatu. Zamu ya kufunga ilikuwa yangu. Nikatazama ubao: makoti yote yapo, langu nimelitundika sasa hivi. Hakuna mtu ndani. Lakini sheria ni sheria. Nikaingiza kichwa, mvuke unatiririka sakafuni, taa zinavuma. Nikapaza sauti:

'Hodi!'

'Karibu.'

Si nipo. Karibu. Sauti ya mwanamke, si ya kupaza, ile ya mtu aliyekaa anafanya jambo lake. Mke wangu. Alivyokuwa akinijibu nikirudi kazini jioni, kabla hata sijavua viatu.

Nami — niandike ukweli — niliingia. Hatua moja, ya pili. Sikuhisi baridi. Kule mwisho, kati ya maboksi ya kuku na ukuta, ilikuwa kama pana joto la sebule.

Nikashikwa ukosi, nikavutwa nje, nikaangukia makalio. Mzee Koti. Ana nguvu ambayo umri wake hauruhusu.

'Koti lako liko wapi?'

Nikageuza kichwa. Msumari wa tisa, koti limetulia.

'Kijana, umeingia bila koti. Mwenzako angetazama ubao, akaona uko nje, akafunga. Ningekupata kesho umekuwa boksi.'

Nikamwuliza, mzee, umesikia kitu? Akasema hajasikia kitu, ameona mtu anatembea kama anaitwa. Akafunga mlango mwenyewe. Akasimama anasugua vidole vyake vifupi. Kisha akasema, na mimi dakika zile arobaini nilikaribishwa. Usiniulize na nani. Ndiyo maana humu jibu ni nipo. Karibu ni neno la kuvuta. Mtu unamwambia karibu, unadhani ni heshima tu, kumbe umempa njia.

Nikamsimulia yote, kuanzia kigoda. Nilidhani atanicheka. Akauliza swali moja:

'Zimebaki ngapi?'

'Mbili.'

'Rudi kwenu.'


Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda kwa msimamizi. Nimesema nataka kuvunja mkataba. Kasema sasa hivi mizigo imezidi, nenda mwezi ujao. Mwezi ujao! Nilikaribia kucheka, neno langu limenirudia. Nikamwambia mke anaumwa. Kanitazama koo, kasema wewe ndiye unayeumwa. Lakini amechukua fomu. Ndege ni Ijumaa tarehe ishirini na moja. Tiketi itatoka.

Siku sita. Nimepiga nyumbani, nimewakusanya wote watatu kwenye spika, mke wangu, shemeji, mama. Sikusema nakuja. Nimesema tu neno hili: mtu yeyote akipiga hodi hapo, asijibiwe. Simameni, nendeni mlangoni, mmwone kwa macho. Mdomo msifungue.

Mama kashangaa. Mama macho yake yana ukungu, kutwa yuko chumba cha ndani anachambua mchele kwa vidole. Akasema, mwanangu, hodi haiachwi hewani. Hata mwizi akibisha huitikiwa, afadhali ajue nyumba ina watu. Nikasema mama nakuomba. Akasema haya. Kisha akasema:

'Koo lako limeharibika tena? Juzi lilikuwa zuri.'

'Juzi lini, mama?'

'Ulipopita.'


Jumatatu, 17 Machi

Klipu nyingine. Nilisema ukurasa ufutwe, haukufutwa. Shemeji anasema watu wanauliza, watazamaji wamekuwa wengi kama nzige, dada mwenyewe amekaa kigodani kwa hiari yake. Hakuna aliyemwambia akae. Akakaa.

Mke wangu amefunga mdomo kwa viganja vyote viwili. Ametii. Macho yamejaa maji, sijui ni ya kulia au ya kucheka.

'Hodi.'

Nyuma yake hakuna mtu. Nimeisimamisha picha kila mahali, hakuna mtu. Sakafu, mlango, jua la mchana.

'Hodi.' Taratibu. Bila hasira. Mimi ningekuwa nimeshapiga kelele.

'Hodi, wenyewe.'

Mke wangu anatikisa kichwa. Mabega yanatetemeka. Na hapo kutoka chumba cha ndani, kupitia pazia, sauti ya mama, sauti iliyonilea:

'Karibu, baba! Pita, mbona unasimama?'

Ya sita.

Siwezi kumlaumu. Amekataa mara moja, amekataa mara mbili, ya tatu utu umemshinda. Nani kati yetu amewahi kuacha hodi tatu zipotee? Ningelelewa na mama mwingine, labda tungepona.

Nimetazama tena mpaka mwisho, nikaona jambo ambalo komenti zote hazijaliona. Wote wanamtazama Moto. Mimi nimetazama ukuta.

Msumari ni mtupu. Koti la mvua halipo.


Jumanne, 18 Machi

Nimemuuliza shemeji kuhusu koti. Kasema sijaligusa. Mke wangu kasema sijaligusa. Mama kasema, si ulivaa mwenyewe, kulikuwa na manyunyu.


Jumatano, 19 Machi

Leo nimemwambia mke wangu yote. Nilimpigia yeye peke yake, nikaomba atoke nje, akae kwenye ngazi za jirani. Nikaanza na mwezi wa nane. Biskuti, fomu, neno nabaki. Nikasema kampuni haikunikatalia, nilijikatalia mwenyewe. Nikasema nimekuwa nikikudanganya miezi saba, na ulipolia nilisikia nafuu.



'Nilijua,' akasema.

'Ulijua lini?'

'Palepale. Ukidanganya unaniita mpenzi.'

Nikacheka kwa aibu. Naye akacheka kidogo, tukawa kama zamani, dakika moja hivi. Nikamwambia natoka huku Ijumaa, nafika Jumamosi. Si mwezi ujao. Tiketi ninayo mkononi, ninaweza kukusomea namba ya kiti.

'Sawa,' akasema. Kama mtu anayeambiwa mvua itanyesha.

'Huniamini?'

'Nakuamini. Ila mwenzangu, asiyekuwapo na lake halipo. Hilo hukufundishwa shule, uliondoka kabla?'

Nikamsihi. Nikamwambia imebaki moja. Usikae kwenye kile kigoda. Nikifika, mimi sitapiga hodi. Ukisikia hodi, jua si mimi.

'Sasa nitajuaje ni wewe?'

'Nitasema nipo. Kama kazini. Nitasimama mlangoni niseme nipo.'

Akafikiri. Nilisikia watoto wa jirani wanapita na mpira. Akasema:

'Nipo husema aliye ndani. Wewe uko nje.'

Nikamwuliza, unamwogopa? Akasema siku ya kwanza alimwogopa. Sasa anapokaribia kunakuwa na harufu ya sabuni ile ya kijani niliyokuwa nikiogea. Nikasema hata mimi bado naogea sabuni. Akasema wewe nakusikia, sikunusi.

Kisha akasema ameacha chai jikoni.


Alhamisi, 20 Machi

Zamu ya mwisho. Kila mtu ananitania. Jamaa wa kitanda cha chini kasema ukifika mbusu mkeo taratibu, umezoea samaki.

Hakuna klipu mpya leo. Nimetazama ukurasa asubuhi, mchana, jioni. Hakuna.

Jioni nimetundika koti langu namba tisa. Mzee Koti akanisindikiza mpaka lango la nje. Nilipovuka, akasimama ndani ya lango, akaita kwa sauti ileile ya kazi:

'Hodi!'

Mdomo ulikwenda wenyewe, nipo, nikauzuia kwa meno. Akatikisa kichwa ameridhika. Akasema, koti msumarini, mtu nje. Nenda.

Hatukupeana mkono. Alikuwa ameficha vile vidole mfukoni.


Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa ukumbi wa kungojea ndege. Daftari juu ya goti, begi katikati ya miguu. Watu wengi, watoto wanalala juu ya masanduku. Saa nane mchana. Tunaitwa saa tisa.

Asubuhi nilipiga nyumbani. Haikupokelewa. Nikapiga ya shemeji, akapokea, anaongea chini kwa chini kama yuko msibani au karibu na mtoto aliyelala. Nikauliza dada yako yuko wapi? Kasema amekaa. Amekaa wapi? Kasema, shemeji, unajua. Nikasema mwondoe! Mvute mkono! Kasema nimejaribu, ananiambia usimsumbue mtu anayengoja. Nikauliza amejibu? Kasema bado hakujabishwa. Kisha akasema simu inazima, ikazima.

Nimepiga mara kumi na saba baada ya hapo.

Nimekwenda kunawa uso. Kwenye kioo nimejaribu kusema hodi polepole, nisikie inavyotoka. Kokoto tupu. Mzee mmoja aliyekuwa ananawa mikono kanitazama, akasogea pembeni.

Nimerudi kukaa. Sasa hivi, dakika hii, simu imetetemeka. Ujumbe kutoka kwa mke wangu. Nimeufungua mikono ikiwa bado na maji. Neno moja:

Umefika

Nimelitazama. Mke wangu tangu nimjue haweki alama akiandika. Si nukta, si mkato, si alama ya kuuliza. Akiuliza umekula anaandika umekula. Akisema umekula yote anaandika hivyohivyo. Nilikuwa nikimtania, nikimwambia barua zako lazima mtu akusikie ndipo azielewe.

Labda ananiuliza. Labda anadhani ndege imeshatua, amechanganya saa, ametoka kigodani, yuko jikoni na anataka kujua aweke maji ya kuoga. Labda.

Nimeandika: ndiyo kwanza nangoja ndege. Umefika nini? Nimetuma. Alama zimegeuka rangi, ameona. Hajajibu. Juu ya skrini panaandika anachapa, panaacha. Anachapa, panaacha.

Wameanza kutupanga mstari. Mwanamke wa kaunta anasema tushike pasipoti mkononi, tufungue ukurasa wa picha. Nimeitazama picha. Ilipigwa wiki moja kabla sijaondoka. Nimevaa lile koti la mvua.

Nafika kesho, Jumamosi tarehe ishirini na mbili, saa nne asubuhi. Sitapiga hodi. Nitazunguka upande wa dirisha, nichungulie msumari kwanza.